Kireno cha Babu

Kitendawili! Najua mmekwisha kuitikia "tega", basi natega: nyumba yangu haina mlango.

Yai, mtasema, na mtakuwa mmepata. Bibi zenu walijibu hivyohivyo. Lakini likizo moja mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 12 ambaye hajapata kuridhika na jibu lililozoeleka, alitoka stoo na kopo la biskuti mkononi. Akalifungua, akatoa kipande cha plastiki nyeusi, cha mraba, chembamba, kinachoenea kwenye kiganja. "Shangazi," akasema, "nyumba isiyo na mlango ni hii hapa. Nimeizungusha pande zote, sioni pa kuichomeka."

Ilikuwa disketi. Juu yake palikuwa na kibandiko kilichofifia na mwandiko wa marehemu baba yangu, yaani babu yake: Hadithi, 1991.

Ndani ya plastiki ile mna duara la kahawia, laini kama ganda la kitunguu, lililopakwa unga wa sumaku. Mashine hulizungusha na kuandika juu yake kwa sumaku, kama kanda ya kaseti. (Kaseti nazo hamzijui. Tutafika huko siku nyingine.) Disketi za ukubwa huo zilibuniwa na Sony mwaka 1981, na Sony wenyewe waliacha kuziuza mwaka 2011. Hii ya babu ilibeba kilobaiti 720. Picha moja ya simu ya leo haienei humo, lakini hadithi zinaenea, tena nyingi, kwa sababu maneno hayana uzito.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila alipohamishiwa aliwakalisha wazee barazani wamsimulie. Aliandika kwa penseli kwenye madaftari ya hesabu. Kompyuta hakuiona mpaka mvi zilipomwota, na msimcheke: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilipita miaka mingi kabla mashine hizo hazijaonekana katika ofisi za kawaida. Alipostaafu alipata kibarua cha kutunza kumbukumbu katika ofisi moja mjini Tanga. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Saa ya chakula, wenzake walipokwenda kula wali na maharage, baba alikiondoa kitambaa, akafungua daftari lake, akaanza kudonoa herufi mojamoja kwa vidole viwili.

Programu aliyoitumia iliitwa WordStar. Ilitoka Marekani mwaka 1978 katika kampuni ya MicroPro ya Seymour Rubinstein, na aliyeiunda ni mtaalamu aitwaye Rob Barnaby. Kipanya hakikuwapo. Ukitaka maandishi mazito unashika Ctrl, unabonyeza P, kisha B. Ukitaka kuhifadhi kazi, Ctrl, K, kisha S. Baba alikuwa ameibandika orodha ya amri hizo ukutani nyumbani, karibu na kalenda, na kwa muda mrefu mama aliamini ni dawa alizoandikiwa hospitali.

Haya, turudi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Kufuli la kwanza lilikuwa tundu lenyewe, na hilo ndilo jepesi. Kipo kisomaji cha disketi kinachochomekwa kwenye USB, na fundi mmoja wa mjini alikuwa nacho, kimejaa vumbi chini ya meza. Fundi yule alifanya mambo mawili yaliyonipendeza. Kwanza alikisogeza kifuniko cha chuma kwa ukucha akachungulia duara la ndani, kwa maana huku kwetu pwani unyevu ni mwingi na kuvu hupenda sana disketi. Disketi yenye madoa meupe ukiiingiza hivihivi, inakichafua kichwa cha mashine na kuharibu zitakazofuata. Ya babu ilikuwa na doa moja dogo, ukingoni. Akalifuta taratibu. Pili, alisukuma kidirisha kilichoko kwenye kona mpaka tundu likawa wazi. Tundu likiwa wazi, mashine inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika, kwa hiyo hata mkono ukiteleza, hakuna kinachofutika.

Heshima yangu kwake ikaishia hapo. Aliponakili na kufungua faili la kwanza, skrini ilionyesha mstari huu:

Hapï zamané zá kalå alikuwapï mvuvé mmojá aliyekuwá ná mtumbwé mbovõ

"Hili limeingiwa na virusi, mama," fundi akasema bila kupepesa macho. "Tulifute tu."

Mtoto wa kaka yangu akaisogelea skrini. "Shangazi," akanong'ona, "kumbe Babu alikuwa anajua Kireno?"

Virusi ni jibu la mafundi kama vile jini ni jibu la waganga: linafaa kila mahali. Nikamwomba asifute wala asihifadhi chochote, aninakilie disketi nzima kwenye flashi. Nyumbani nikatoa nakala nyingine ya nakala hiyo. Hilo nalisema kwa sauti kubwa maana wengi huharibu hapo: mtu hufungua faili la zamani, huona vitu vya ajabu, hufunga, kompyuta humuuliza kama ahifadhi mabadiliko, naye hujibu ndiyo. Maandishi yaliyodumu miaka 30 yanaharibiwa kwa kubonyeza mara moja. Chezea nakala, mzazi wake umwache alale.

Sasa niwaambie Kireno kile kilitoka wapi.

Kompyuta haijui herufi. Inajua taa zilizowaka na taa zilizozimwa, basi. Zipange taa nane kwa mstari. Ya kulia kabisa ipe thamani ya 1, inayofuata 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, na ya kushoto kabisa 128. Watu walikubaliana kwamba herufi a ndogo ni namba 97. Basi unawasha taa ya 64, ya 32 na ya 1. Jumlisha mwenyewe uone. Mapatano hayo yanaitwa ASCII, yalianza Marekani mwaka 1963, na yalitumia taa saba tu, kwa sababu taa saba zinatoa alama 128, nazo ziliwatosha Wamarekani kwa herufi, tarakimu na vituo vyao vyote. Taa ya nane ilibaki bure.

Mtu wa mjini akiwa na chumba kitupu atakipangisha, na waliounda WordStar walifanya hivyohivyo. Kompyuta za siku zile mara nyingi zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, kila pembe ilihesabiwa. Programu ilitaka kujua haraka neno linaishia wapi, ili inaponyoosha ukingo wa kulia ijue nafasi za kupanua. Basi katika matoleo yake ya mwanzo, ilipofika herufi ya mwisho ya neno iliwasha ile taa ya nane. Herufi a iliyokuwa 97 ikawa 97 kujumlisha 128, yaani 225. Ndani ya WordStar yenyewe hukuona tofauti yoyote. Ilijua siri yake, ikakuonyesha a ya kawaida.

Lakini miaka ikapita, na wengine wakataka chumba hichohicho. Wafaransa walihitaji é yao, Wareno õ yao, watu wa Sweden å yao. Namba za juu ya 127 zikagawiwa upya. Katika jedwali ambalo Windows ilitumia kwa lugha za Ulaya Magharibi, 225 ni á. Kwa hiyo kompyuta ya fundi haikukosea wala faili halikuugua. Mashine ilisoma kwa uaminifu kile ilichofundishwa, na haikufundishwa na WordStar.

Hapo nikampa kijana karatasi na penseli, nikamwambia atafute ufunguo. Nilidhani itamchukua siku nzima. Ilimchukua muda wa chai kupoa. Á ni a. Å ni e. É ni i. Ï ni o. Õ ni u. Hiyo ni bahati ya Kiswahili: maneno yetu yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano. Mwingereza mwenye faili kama hilo anavurugikiwa kwa s, kwa t, kwa d, kwa n, kwa y, karibu alfabeti nzima. Sisi tulihitaji kubadilisha mara tano tu. Ctrl na H, andika á, andika a, badilisha zote. Mara ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kireno kikayeyuka kama barafu ya Azam juani, na mvuvi akabaki na mtumbwi wake mbovu.

Isipokuwa jina lake. Mvuvi aliitwa Salií.

"Salii," kijana akasoma. "Labda alikuwa anasali sana."

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kukisia kwa macho kulitufikisha mbali, lakini hapa macho yalidanganya: í inafanana na i, kumbe si i. Nikamwonyesha hesabu. Katika jedwali lile la Windows, í ni 237. (Jaribuni wenyewe kwenye kibodi yenye tarakimu pembeni: shikilia Alt, andika 0237, achia.) Toa 128. Inabaki 109. Na 109 ni m.

Salim! Jina la Kiarabu, halikutaka kuishia kwa irabu. Hassan naye, alipotokea ukurasa uliofuata, alikuwa Hassaî, maana n ni 110, na 110 kujumlisha 128 ni 238. Hata nukta nyingine ziligeuka kuwa ®, alama ile ya nembo zilizosajiliwa, kwa sababu nukta ni 46 na ukiongeza 128 unapata 174. Kijana akatupa penseli, akaandika programu ya mistari michache inayopita faili zima na kutoa 128 kila inapokuta namba inayozidi 127. Mimi ningeendelea na Ctrl na H mpaka jioni.

Vikabaki vioja vidogo. Kila baada ya kurasa chache palikuwa na mstari wenye herufi mbili tu: .pa. "Pa nani? Pa nini?" kijana akauliza. Akafikiri babu anamwomba Mungu. Kumbe ni amri ya WordStar: mstari ukianza kwa nukta, yanayofuata hayachapishwi, ni maagizo, na .pa maana yake anza ukurasa mpya. Vimiraba vilivyozunguka baadhi ya maneno navyo vilikuwa alama za maandishi mazito. Babu alizipenda mno alama hizo. Kila fisi aliposema, alisema kwa wino mzito.

Mafaili yenyewe yalikuwa na majina yaliyokatwa kwa panga. Kompyuta za mfumo wa zamani wa DOS ziliruhusu herufi 8, nukta, kisha herufi 3, basi. Babu, mwalimu asiyependa kupoteza kitu, aliligawa neno zima: VITENDAW.ILI. Hesabuni. Limeenea bila kubaki wala kupelea. Kwake ilikuwa ujanja, kwetu ilikuwa kufuli la pili, kwa sababu Windows hutazama herufi za baada ya nukta ili ijue programu ya kufungulia. Ikakuta ILI, ikakwama, ikatuuliza sisi.

Jina la faili si kitambulisho chake. Kitambulisho kimo ndani, kwenye namba zake za kwanza, na mafundi wazuri huanzia hapo. Faili la WordPerfect 5.1, programu iliyotamba tangu mwaka 1989, mwanzoni mwake utakuta herufi WPC. Mafaili mengi ya Word yenye mkia wa .doc, yale ya kabla ya mwaka 2007, huanza kwa namba ambazo zikiandikwa kwa mtindo wa kompyuta zinasomeka D0CF11E0. Soma sifuri kama O na moja kama I au L, utaona wataalamu wa Microsoft walikuwa wanacheza. Haya ya leo ya .docx huanza kwa PK, herufi za jina la Phil Katz, aliyebuni mtindo wa kufungasha mafaili wa ZIP. Maana .docx ni furushi. Chukua nakala ya insha yako, badilisha mkia wake uwe .zip, ifungue: utakuta makabati ndani, na katika kabati liitwalo word mna faili document.xml lenye maneno yako yote, yanasomeka kwa macho katikati ya alama za pembe. Picha ulizoweka zimo katika media. Fanyeni leo, mtacheka.

WordStar ya mwanzo haikuwa na kitambulisho chochote. Ndiyo maana hakuna programu iliyolitambua faili la babu. Lakini ndiyo maana pia tuliweza kulisoma kwa penseli: hapakuwa na furushi, maneno yalikaa wazi kama samaki sokoni. Faili la .doc lililoharibika haliwi rahisi hivyo.

Na msidhani mambo haya huwapata wazee wenye makopo ya biskuti tu. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, kitabu cha kumbukumbu za ardhi cha Uingereza cha mwaka 1086, BBC iliwakusanya watoto wa shule kwa maelfu waeleze maisha ya mahali pao: wanakula nini, wanacheza nini, duka liko wapi. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na mashine maalumu. Haikupita miaka 20, mashine zile zikawa adimu, na mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kutengeneza programu ya kuigiza kompyuta ile ya zamani ili diski zisomeke tena. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinafunuliwa kwa mkono.

Wakati mwingine mlango unafungwa makusudi. Mwaka 2007 Microsoft ilitoa sasisho la Office 2003 lililokataa kufungua baadhi ya aina za mafaili ya zamani, kwa sababu za usalama. Watu wakaja juu, na Januari 2008 kampuni ikaomba radhi na kutoa njia rahisi ya kuyaruhusu tena. Sababu yao ilikuwa na mantiki, lakini ukiamka asubuhi ukakuta barua zako zimekataliwa, mantiki haikusaidii.

Ndiyo maana mimi nawapenda watu wa LibreOffice. Programu yao ni ya bure, na inafungua mafaili ya WordPerfect, ya Microsoft Works, hata ya kompyuta za zamani za Apple ambazo wenyewe wameshazisahau. Mwaka 2014 walianzisha mradi hasa wa kukomboa nyaraka za namna hiyo. OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, iliwahi kupewa sura ya Kiswahili na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kwa jina la Jambo. WordStar nayo haijafa kabisa: George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alieleza kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba bado anaandikia WordStar 4.0, na mwaka 2024 mwandishi wa Kanada, Robert J. Sawyer, aliweka hadharani toleo la 7.0 pamoja na vitabu vyake vya maelekezo ili anayetaka aichukue.

Sisi tulihifadhi hadithi za babu kwa namna tatu: mafaili yake yalivyo, bila kuguswa; maandishi matupu ya .txt, ambayo kompyuta yoyote itayasoma; na karatasi, iliyochapishwa na kushonwa kwa uzi. Pembeni tukaweka kijikaratasi: "Yaliandikwa kwa WordStar. Ukiona Kireno, toa 128."

Lakini doa la kuvu halikutuacha bure. Lilikuwa limekaa palepale penye VITENDAW.ILI. Mwanzo wa faili ulisomeka, mwisho ukakataa, na babu, kwa tabia yake ya ualimu, alikuwa ameyaweka majibu yote mwishoni. Tumetegua karibu vyote kwa kuulizana na majirani. Kimoja kimetushinda: "Mzee wetu akivuka maji haachi nyayo, akivuka mchanga analia."

Tazameni stoo zenu, kwenye makopo na madroo. Mkikuta disketi, msikimbilie kuiingiza mashineni. Mwulizeni kwanza mwenyewe, angali yupo, aliandikia programu gani. Na mwenye jibu la kitendawili cha babu, naomba anipatie. Mji sitaki.